Mali ya Uma

Mimi ndiye ninayeandika makofi.
Wakipiga meza kule ukumbini Chukwani
nafungua mabano, naandika Makofi, nafunga.
Wakicheka naandika Kicheko.
Sikupewa alama ya mtu anayemeza mate.

Jumatano ile, saa tano na robo,
akasimama Mheshimiwa Raya Shaame Ngwali:
hoja binafsi, karatasi nane, miwani ya kuazima
(yake aliikalia asubuhi).
Mlangoni askari wa Baraza alikwisha kumpokonya
msumari wa reli ya zamani, shibri nzima, umeiva kutu.
"Silaha hii."
"Ya bibi yangu. Ilizuia mlango usijibamize."
Akaandikiwa stakabadhi: Msumari, mmoja.

Basi akaanza mikono mitupu.
Mheshimiwa Spika, kabla ya reli mpya kulazwa chini
naomba tukubaliane ni ya nani.
Ile ya kwanza ilipita madirishani mwa watu,
wakalalamikia masizi kwenye kanzu zilizoanikwa,
kisha siku moja haikuja,
wala hakuulizwa mtu.
Walioing'oa walijua bei ya chuma.
Walioipanda hawakuambiwa.

Akafunua rasimu ya mkataba, kifungu cha kumi na nne:
Mwendeshaji aweza kufuta kituo kisicho na tija.
"Nitajieni," hakupandisha sauti,
"Saateni? Maruhubi? Mtoni? Kibweni?
Mkunga anayetoka zamu saa nane za usiku,
peke yake behewani, kiti kimoja kati ya sitini,
yeye ni hasara ya nani?"

Hakuna aliyepiga meza.
Vidole vyangu vikabaki hewani.

Waziri akajibu: fedha hatuna, mwekezaji anazo,
na miaka arobaini si mingi.
Mjumbe wa viti vya nyuma akauliza
kama treni ya umma itausubiri umma umalize chai.
(Kicheko)
Nami nilicheka kidogo. Sikujiandika.

Raya akakubali: ndiyo, ya serikali huchelewa,
meli yake nimeingoja Mkoani
mpaka futari ikapoa kwenye chano.
"Lakini nilijua mlango gani nikagonge."

Waliokubali wakanyanyua mikono: kumi na tisa.
Waliokataa: arobaini na mmoja.
Mmoja alikuwa msalani.

Usiku nikachapa, feni imekufa, macho yananata.
Asubuhi rasimu ikagawiwa,
na kila pahala aliposema mali ya umma,
mara kumi na moja,
mimi nimeandika mali ya uma.
Herufi moja imeanguka njiani
na umebaki uma, ule wa mezani,
wa meno manne.

Alikuja mwenyewe ofisini. Nikasimama kuomba radhi.
Akacheka mpaka akavua ile miwani ya watu.
"Mwanangu, hii ndiyo hoja ya Waziri,
umeiandika kwa jina langu."

Tukakaa, tukarudisha m moja moja
kama tunaoshona vifungo vya shati la skuli.
Ya kumi na moja akaifunika kwa kidole.
"Hii iache. Atakayesoma baada ya hiyo miaka arobaini
atadhani ulisinzia, kisha atajiuliza."
Kanuni hairuhusu.
Alipoondoka niliisahihisha. Ndiyo kazi yangu,
ingawa nilikaa nayo kwanza
mpaka chai ikaota utando.

Msumari hakuja kuuchukua, stakabadhi kaipoteza.
Uko mezani kwangu. Feni imetengenezwa,
karatasi zote hurukaruka isipokuwa zile zilizo chini yake,
na ya juu kabisa ni swali lake la mkutano ujao,
mwandiko wa mkono, wino wa kijani:
Chuma cha reli ya zamani kiliuzwa kwa nani,
kwa kiasi gani, na ziliingia mfuko upi?

Waziri ameomba muda.